Kona ya Sabufa

Nianze na ushauri, ingawa hakuna aliyeniomba. Ukienda kununua muziki wa sinema ya nyumbani, ule wa spika nyingi za kuzunguka sebule, usisome kilichoandikwa kwenye boksi. Boksi linasema wati elfu kumi. Zingekuwa kweli, ukiwasha tu umeme wa Segese yetu nzima ungezima. Mimi ni fundi cherehani, mambo ya redio sikuyasomea, ila masikio ninayo, na mashine inayodanganya naijua hata nikiwa jikoni. Gonga spika ubavuni kwa kifundo cha kidole. Yenye mbao nene inajibu kwa mkato, basi. Yenye mbao nyembamba inakurudishia mlio, inaendelea kujisemesha ndani kama debe tupu. Hiyo iache hapohapo dukani.

Ndivyo nilivyofanya siku tuliyokwenda Kahama mimi na mume wangu. Niligonga duka zima. Muuzaji, mtu mzima mwenye subira ya kibiashara, alinitazama mpaka akachoka.

"Dada, humo ndani unamtafuta nani?"

"Namtafuta aliyesema wati elfu kumi," nikamjibu.

Mume wangu akacheka. Kwa kawaida ukimpeleka dukani ananuna tangu mlangoni, lakini siku ile alikuwa mkunjufu, mpaka mkoba wangu alinibebea. Nyumba tulikuwa tumeimaliza, sebule ina sakafu ya saruji na rangi mbichi, na mimi kwa miaka mingi nilitamani anasa moja tu: nishone barazani alasiri huku filamu inaongea ndani, nisikie kila neno. Kwa hiyo nilishikilia spika ya katikati. Hiyo ndiyo inayobeba maneno ya watu. Ikiwa mbovu, mapanga utayasikia, lakini kwa nini wanakatana hutajua. Yeye maneno hakuyajali. Alitaka sabufa, lile boksi la besi, na alitaka kubwa kuliko zote zilizokuwapo.

"Hii inatikisa?" alimwuliza muuzaji.

"Inatikisa kuta, kaka."

"Kuta sina haja nazo. Sakafu je?"

Tukachagua. Amplifaya yenye matundu ya spika tano na sabufa moja. Mbili za mbele, ndefu, za mbao. Ya katikati niliyoigonga mwenyewe. Mbili ndogo za nyuma, zile zinazokufanya udhani mtu yuko mgongoni kwako. Waya mnene, kwa sababu mwembamba unakula sauti njiani. Na stebilaiza, maana umeme wetu una hasira kuliko mimi. Tulipokuwa tunafunga mzigo, muuzaji akatuonya kwamba sabufa tusiiweke kwenye kona. Kona huivimbisha besi mpaka ikakoroma.

"Itakaa kona," mume wangu akasema. "Kona ya kulia, upande wa stoo."

Nilishangaa kwamba alikuwa ameshapanga. Nikadhani ni mapenzi.

Hapa lazima niseme habari ya ahadi, la sivyo yatakayofuata ni kelele tu. Kabla sijaolewa, mume wangu alikuwa mchimbaji. Yeye na mdogo wake walikuwa na duara, shimo lao la dhahabu, kule upande wa Buseresere. Mdogo alishuka chini na nyundo, mkubwa alibaki juu na kamba. Kelele za juu hazifiki chini, wala sauti ya mtu haipandi, kwa hiyo walielewana kwa kugonga: mdogo akigonga mwamba mara tatu, maana yake nivute. Siku moja ya masika aligonga tatu. Mume wangu akavuta. Kamba ilikuwa nzito, kisha ghafla ikawa nyepesi, na ardhi ikatitia. Watu walichimbua mpaka pembeni nako kukaanza kumeguka, wakakatazwa. Yuko hukohuko hadi leo.

Mama yao, mama mkwe wangu, ninaishi naye. Kwao Wasukuma, matanga yakiisha watu hunyoa nywele, maisha yanaendelea. Matanga ya mwanawe yalifanyika bila maiti, na wembe ulipoletwa aliusukuma. "Ninyoe nini? Mimi sijamwona," alisema. Akafunga kitambaa juu ya nywele zake na hakukifungua mbele ya watu tena. Na tangu siku hiyo hakumsemesha mwanawe mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyemtoa mdogo kwenye ng'ombe akampeleka machimboni. Wanakaa chumba kimoja, wanafikiana kwa mikono, naye ataniambia mimi, "Mayu, mwambie mwenzako chai inapoa." Mume wangu atajibu, "Mwambie mama nimesikia." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mkwe naye huitwa hivyo kwa heshima. Heshima niliipata, lakini nilikuwa waya tu, na waya nao huchoka.

Nilipokubali kuolewa, nilimwapisha mbele ya mama yake: hutashuka tena chini ya ardhi. Akaapa. Mama yake alikuwa anatazama ukuta, lakini baadaye alinipa ujumbe. Mwambie mwenzako, siku akishuka tena, mimi nafungasha, na kaburini kwangu asije. Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Mtu akivunja ahadi ile, nyumba haipo.

Basi mume wangu akawa mfyatuaji wa tofali za saruji, uani kwetu. Stoo ya saruji iliegemea ukuta wa kulia wa sebule, ina kufuli, na ufunguo alitembea nao. Vumbi kwake lilikuwa sare ya kazi. Hata alipoanza kujaza makorongo ya njia yetu kwa viroba vya udongo, majirani walimsifu, mwenyekiti wa kitongoji akamtaja kwenye mkutano kama raia wa mfano. Udongo ule ulikuwa wa kijivu, na wa kwetu juu ni mwekundu. Niliuona. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, lakini mimi nilikuwa natazama spika.

Kwa sababu sabufa ilikoroma. Tangu siku ya kwanza. Filamu ikitulia, besi ikishuka, kona ile ilibaki na mlio wake, kama mtu aliyeendelea kuguna baada ya mazungumzo kwisha. Nilibadilisha waya. Nilisogeza spika za nyuma. Nilitandika mpira chini ya boksi. Mwishowe nikalipakia kwenye gari nikalirudisha Kahama, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Muuzaji akaliwasha mbele yangu. Safi kabisa.

"Dada," akasema, "ugonjwa uko kwenu."

Nilipofika nyumbani nikaiweka kona ya kushoto. Haikukoroma. Nikaita watoto waje wasikilize, nikajisifu. Mume wangu aliingia, akatazama, akalisukuma boksi kwa goti mpaka kona yake ya zamani. Tuligombana hapo kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Alipotoka nilichukua mchi, nikagonga sakafu ya kona ile, kisha sakafu ya katikati. Ya katikati ilijibu kwa mkato. Ya kona ilinirudishia mlio.

"Kifusi hakikushindiliwa pale," aliniambia nilipomwuliza. "Tutakirudia siku moja." Ni fundi, ningembishia nini?

Huku kwetu mtikisiko si habari. Mgodi mkubwa ukilipua, vikombe vinasalimiana kabatini, tunaendelea kula. Kwa hiyo wiki zile za mwanzo sikuogopa kitu. Mume wangu alikuwa akiniambia kila siku baada ya chakula, "Washa muziki, mama watoto, nyumba ichangamke," halafu anakwenda zake uani. Niliwasha. Mimi barazani na cherehani, mama mkwe sebuleni kwenye kiti chake, miguu mitupu juu ya saruji. Masikio yake yameziba kwa uzee, filamu aliisikiliza kwa nyayo.

Alasiri moja kulikuwa na vita ndani ya televisheni, majeshi yanatembea, ngoma zinapigwa, na umeme ukakatika. Taa ya amplifaya ikazima. Spika za mbele zikanyamaza, ya katikati ikanyamaza. Besi ikaendelea.

Du. Du. Du. Du.

Kisha nayo ikaacha. Mguu wangu ulikuwa bado juu ya pedeli ya cherehani, na sikuweza kuushusha. Nje jua lilikuwa kali, kuku wanajimwagia mchanga, mtu anapita na baiskeli, kila kitu mahali pake. Nikageuza shingo. Mama mkwe alikuwa ananitazama, ameinua mguu mmoja kutoka sakafuni.

"Mayu, umesikia?"

"Ni mgodi, mama," nikamwambia kwa sauti kubwa.

"Mgodi haugongi. Mgodi hupiga mara moja." Akaushusha mguu polepole, kama anayepima maji ya moto. "Ni mwanangu. Amenifuata."

Mimi ni Msumbwa, Wasukuma hawa nawatania kila siku kwa mizimu yao, na Jumapili naimba kwaya. Lakini nilikuwa nimesikia. Hata ukiamini Mungu wako vipi, masikio hayakuombi ruhusa.

Kuanzia siku hiyo alikuwa anaweka sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kikombe cha maji pale kona, kando ya sabufa. Jioni nilivimwaga kwa kuku, nikiangalia pembeni. Nilimwambia mume wangu mezani. Tonge lilibaki hewani kati ya bakuli na mdomo.

"Mama amezeeka," akasema.

"Na mimi nimezeeka? Mimi nimesikia pia."

Alilirudisha tonge bakulini. Kesho yake aliniletea flashi iliyojaa nyimbo za ngoma, akasema nipandishe sauti zaidi.

Nikaanza kuiogopa sebule yangu mwenyewe. Nimeijenga kwa sindano, nimeipaka rangi, na sasa naingia upande upande. Spika za nyuma ndizo zilizonimaliza. Siku moja nilikuwa nafagia, filamu ya mapenzi inaendelea, mwanamke analia peke yake chumbani, na nikasikia mwanamume anakohoa. Kikohozi kikavu, cha kubanwa, cha mtu asiyetaka kusikika. Nikashika rimoti, nikarudisha nyuma, nikasikiliza. Mwanamke analia. Hakuna aliyekohoa. Nikarudisha tena. Hakuna. Niliacha ufagio hapohapo, nikaenda kukaa kwa jirani mpaka watoto waliporudi shule.

Mama mkwe hakuogopa, na hilo liliniumiza kuliko hofu yangu. Alichangamka. Alianza kula. Aliosha miguu kabla ya kukaa, kana kwamba anapokea mgeni. Mwishowe akaamua: aitwe kaka yake kutoka Maganzo, mtoto azungumzishwe, aulizwe anataka nini. Huyu mjomba ni dalali wa almasi, mtu wa haraka, anayeongea nawe huku anatazama barabara. Alikubali kuja Jumapili. Nilimwambia mume wangu, naye akasema Jumapili ana mzigo wa tofali wa kupeleka mbali.

Mjomba akaja Jumamosi. Alikuwa amepata usafiri, akasema, na mizimu haina kalenda. Ilikuwa baada ya chakula. Muziki ulikuwa unanguruma kama kawaida, na mume wangu alikuwa ameshakwenda uani muda mrefu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, zima hilo," alisema kwa pumzi moja. "Marehemu atasikiaje?"

Nikazima. Kutoka kona ile likaja pigo moja, du, peke yake, kisha kimya. Mjomba akageuka akanitazama. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa amekuja kwa ajili ya kumridhisha dada yake tu, na kwamba sasa angependa kuwa Maganzo.

Lakini alifanya kazi yake. Alikoroga unga wa mtama kwenye maji, akamimina kidogo pale kona, akawataja masamva, wazee wa ukoo waliotangulia, haraka haraka kama mtangazaji anayesoma kikosi cha mpira. Kisha akamwachia dada yake. Mama mkwe alishuka kwenye kiti, akakaa sakafuni, akaweka kiganja juu ya saruji. Aliongea Kisukuma, kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia vizuri. Ninaandika ninavyokumbuka.

"Mwanangu, ni mimi mama yako. Unagonga, na mimi mikono yangu haina nguvu ya kukuvuta. Nisamehe kwa hilo. Nimekaa na kaka yako miaka yote hii simtazami. Watu wanasema namchukia. Simchukii. Nikimtazama naiona mikono yake ina kamba, na nataka kumwuliza ulikuwa mzito kiasi gani, na naogopa atanijibu. Basi namwacha. Amekonda. Mke wake haoni, anahangaika na redio, mimi naona. Sasa niambie wewe. Kama bado unamdai, nyamaza, nijue. Kama humdai, gonga nisikie, na mimi ninyoe."

Tulikaa. Nilisikia saa ya ukutani. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikamwona mama mkwe anaanza kuinama, jibu analipokea.

Du. Du. Du.

Mara tatu, sawasawa, bila haraka. Mjomba alijimwagia bakuli la unga kwenye suruali na hakujifuta. Mama mkwe alibaki na kiganja chake pale sakafuni muda mrefu.

"Wabeja, ng'wanone," alisema. Asante, mwanangu. Kisha akaniambia, "Mayu, lete wembe."

Nilikuwa narudi na wembe na beseni mume wangu alipoingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameoga, maji yanamdondoka kichwani. Alitukuta hivyo, mama yake chini, mjomba amelowa, sabufa imezimwa, na hakuuliza kuna nini. Mama yake alifungua kitambaa. Nywele zilikuwa nyeupe zote, nyingi, zimesokotana, sikuwa nimewahi kuziona.

"Njoo uninyoe," akamwambia.

Mimi, kwa mazoea, nilifungua mdomo. "Mama anasema..." Nikaufunga. Hakukuwa na haja ya waya.

Kazi hiyo hufanywa na wanawake, na mjomba alikohoa kidogo kukumbusha, lakini hakuna aliyemjali. Mume wangu alisimama nyuma ya mama yake na wembe, ameinama, mimi nikashika beseni, uso wake ukawa karibu na wangu. Kwenye paji la uso mume wangu alikuwa na alama ya mkanda, imezunguka kichwa mpaka nyuma, nyekundu bado, pale inapokaa tochi ya kichwani. Na ndani ya sikio, ambapo maji ya haraka hayafiki, kulikuwa na udongo wa kijivu.

Nilielewa yote kwa mara moja. Hasira ilinipanda. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimemchagulia hadi waya. Lakini nywele za yule mama zilikuwa zinaanguka mbele yangu, naye amefumba macho. Niliendelea kushika beseni.

Jumapili asubuhi mjomba alimpeleka dada yake kanisani. Walipokata kona tu nikamwambia mume wangu, "Fungua stoo."

Alifungua. Nyuma ya mifuko ya saruji kulikuwa na mbao, chini ya mbao kulikuwa na shimo, na shimo lilishuka kisha likapinda kuelekea chini ya sebule yangu. Nilimpa yote niliyokuwa nayo mdomoni, ya Kiswahili yalipoisha nikaleta ya Kisumbwa.

"Mtu mwenye akili timamu anaweka besi juu ya kichwa chake?"

"Nimeegemeza magogo."

"Uliniambia nyumba ichangamke!"

"Mtaa usisikie. Na wewe usisikie." Alikuwa amekaa kwenye mfuko, ameinamisha kichwa. Wakati wa kuchimba choo, alisema, alipata jiwe lenye dhahabu, akafuata mwamba wake mpaka chini ya kona. Alitaka kidogo tu, amjengee mama nyumba yake, kisha afukie. Dhahabu ikishamwita mtu hasikii kingine, hilo mtoto wa huku hafundishwi.

"Na kukohoa?"

"Ni mimi. Vumbi."

Kumbe hofu zangu zote zilikuwa na mwenyewe, anakula kwangu, analala kwangu. Nilikaa juu ya mfuko mwingine nikacheka, na kicheko kikageuka kilio bila kuniaga. Nilipojifuta nilimwambia jambo moja la haki, maana mimi ni mkali lakini si dhalimu.

"Lakini ya jana ulifanya vizuri. Kumgongea mama. Mungu atakuhesabia hilo."

Alinyanyua kichwa.

"Sikugonga."

"Acha."

"Nilisikia muziki umezimwa, nikapiga pigo moja lililokuwa njiani, nikaweka nyundo chini. Nilikaa namsikiliza mama. Kila neno. Nyundo sikuishika tena." Alikuwa ananitazama kama mtoto anayesubiri kuambiwa. "Nilidhani ni nyinyi, mnagonga sakafu."

"Sisi tulisikia kutoka chini."

Akalitazama shimo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Mimi pia nilisikia kutoka chini."

Alisimama, akachukua kamba ya manila iliyoning'inia msumarini, akaishusha shimoni yote, haina kitu mwishoni, mpaka ikalegea. Akaiacha ikae. Kisha akajikita miguu, akaanza kuvuta.

Mwanzo ilikuja nyepesi, ilivyopaswa kuja. Halafu niliona mgongo wake unakaza. Niliona mishipa ya shingo. Nilikwenda nyuma yake nikashika mkia wa kamba, na ninaapa kwa watoto wangu, ilikuwa nzito. Tulivuta pamoja, mkono baada ya mkono. Sikutazama shimoni. Haikulegea wala haikukatika, ilikuwa nzito mpaka mwisho, na ncha ilipotoka kwenye mwanga ilikuwa kavu, tupu. Viganja vyangu vilikuwa vimechubuka.

Tulianza kufukia saa ileile. Hatukufika mbali. Mama mkwe alirudi, kichwa kinang'aa, mjomba nyuma yake, akasimama kwenye mlango wa stoo ambao kwa haraka zetu hatukuufunga. Aliliona shimo. Aliona magogo, tochi, nyundo. Mume wangu aliachia koleo. Nilijua anakwenda kufungasha.

Yeye alikuwa anaitazama kamba, jinsi ilivyolala pale juu imeviringishwa. Akaja akanishika mkono, akakigeuza kiganja changu. Akakigeuza na cha mwanawe.

"Alikuwa mzito?" akamwuliza.

"Alikuwa mzito, mama."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akainama, akachota udongo wa kijivu kwa mkono, akautupa shimoni, akasogea kutupisha. Mume wangu akatupa wake. Nikatupa wangu. Mjomba naye akavua kofia akatupa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na haraka.

Sabufa ipo kona ileile. Haikoromi. Ukigonga sakafu pale kwa mchi inajibu kwa mkato, basi.